Zero ya derive: usiamini kila jibu



Wadogo zetu wa mwaka wa sita wanatuulizaka: "Hii kutafuta zero za derive inatusaidia nini?" Swali ni ya haki. Wengi wanajua kuandika f'(x) = 0, wanapata namba mbili, wanafunga kaye. Kumbe kazi ingali katikati.

Tuanze na maana. Derive inatuambia kama fonksio inapanda ao inashuka, na kwa mwendo gani. Ukiwa unapanda kilima huku kwetu Lubero, derive ni pozitivu. Ukishuka, ni negativu. Pale juu kabisa haupande tena na haujaanza kushuka: derive ni zero. Chini kabisa ya bonde ni vilevile. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse kule Ufaransa, alikuwa akitumia wazo hilo tangu miaka ya 1630, mbele ya Newton na Leibniz.

Sasa tuchukue mfano. Fundi wa manjanja Butembo iko na kipande cha santimetre 80 kwa 50. Anataka kukata kare nne sawasawa kwenye pembe, akunje pande, apate beseni isiyo na kifuniko. Akate kare ya ukubwa gani ili beseni ishike maji mingi zaidi?

Tuseme upande wa kare ni x. Beseni itakuwa na urefu 80 − 2x, upana 50 − 2x, na kimo x. Kwa hiyo:

V(x) = x(80 − 2x)(50 − 2x) = 4x³ − 260x² + 4000x

V'(x) = 12x² − 520x + 4000

Tuweke V'(x) = 0, tugawe kwa 4:

3x² − 130x + 1000 = 0

Delta ni 16900 − 12000 = 4900, na mzizi wake ni 70. Tunapata x = 10 na x = 33,3 hivi.

Hapa njo wengi wanapotea. Zote mbili ni zero za kweli za derive. Lakini manjanja iko na upana wa 50: huwezi kukata 33,3 kila upande, inapita 66! x inapaswa kukaa kati ya 0 na 25. Hesabu haijui manjanja, wewe njo unaijua. Tunabakia na 10.

Bado tuhakikishe. Mbele ya 10 derive ni pozitivu, nyuma yake ni negativu: V inapanda, kisha inashuka. Ni kilele kweli. Ukikata 5 unapata litre 14. Ukikata 15, litre 15. Ukikata 10, litre 18. Manjanja ni ile ile, bei ni ile ile, lakini maji si sawa.

Jambo ingine: kuna zero isiyokuwa kilele wala bonde. Chukua f(x) = x³. Derive yake ni 3x², na ni zero pale x = 0. Lakini fonksio inapanda mbele, inapanda na nyuma. Ilipumzika kidogo tu, ikaendelea na safari.

Kwa hiyo, mukifika mbele ya swali kama hii kwenye mtihani wa Serikali, mukumbuke: andika kwanza x inaruhusiwa kukaa wapi, tafuta zero za derive, tupa zile zilizo inje, angalia alama ya derive mbele na nyuma ya kila zero, mwisho, linganisha na mipaka. Kati ya majibu munayopewa kuchagua, ile ya uongo inaweza kuwa palepale inawangojea.

Zoezi ya kubakia nayo: manjanja ya 60 kwa 60. Mutapata zero mbili. Moja inatoa litre 16. Ingine inatoa beseni isiyoshika hata tone. Ni zipi, na kwa nini? Tuandikieni hapa chini, tusahihishe pamoja.