Eropleni ya Vita Iliyojengwa kwa Wembe na Gundi

Wako watu wazima huko Uingereza, Ujerumani na Marekani, watu wenye mvi na wajukuu, ambao jioni wakitoka kazini hawaendi kilabuni. Hujifungia katika kibanda nyuma ya nyumba, wakachonga vijiti kwa wembe, wakavitia gundi, wakavisugua kwa msasa. Ukiwauliza wanafanya nini, watakujibu bila haya: tunajenga eropleni. Wala hawasemi uongo. Kitu kile kikimalizika kitaruka kweli, kitapanda juu kupita miembe, kitageuka na kurudi, na mwenyewe amesimama chini majanini, hakushika kamba wala uzi.

Wasomaji wapenzi, msidhani ni mchezo wa watoto. Watoto wetu hutengeneza magari kwa mabua ya mtama, wakayamaliza asubuhi na kuyavunja jioni, na hakuna anayelia. Eropleni hizi huchukua mwaka mzima, pengine miwili, nazo zaweza kuvunjika katika dakika ya kwanza. Kwa nini zivunjike? Sababu yake ni hesabu ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya, nami nataka kuieleza.

Tuchukue eropleni moja inayopendwa sana na mafundi hao, Sopwith Camel ya Waingereza, ya Vita Kuu ya Kwanza. Iliruka mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1916, ikaingia vitani mwaka 1917. Camel maana yake ngamia, kwa sababu ilikuwa na nundu mbele ya rubani, bati lililofunika bunduki zake mbili za bombomu. Mbavu zake zilikuwa za mti, zimekazwa kwa nyaya, na juu yake kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa hata kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ilikuwa na bawa juu na bawa chini, na toka ncha hata ncha ni futi 28. Zilijengwa zaidi ya 5,000. Za asili zilizobaki leo ni za kuhesabu kwa vidole.

Ilikuwa hodari, lakini iliwaua hata wenyewe. Silinda zake tisa zilipangwa duara kama njiti za gurudumu la baiskeli, na injini yote ilizunguka pamoja na rafadha, yaani lile panga la mbele. Chuma kizito namna hiyo kikizunguka kwa nguvu, eropleni haikubali kugeuzwa kama mtu apendavyo. Ikigeuzwa kulia pua huzama. Ikigeuzwa kushoto pua huinuka. Vijana wengi walikufa wakijifunza tu, hawajamwona adui hata mmoja. Waliokufa kwa ajali katika Camel walikaribia kuwa wengi sawa na wale waliouawa vitani.

Tena injini ile ilipakwa mafuta ya nyonyo, yale yale ya mnyonyo (wengine huuita mbarika) unaoota ovyo nyuma ya nyumba zetu. Mafuta yalitoka pamoja na moshi, yakampiga rubani usoni, naye akayavuta na kuyameza. Mama aliyewahi kumnywesha mtoto mafuta hayo tumbo likifunga hahitaji kuambiwa mengine. Na hata leo ziko injini za eropleni ndogo ambazo hunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na harufu yake uwanjani ni ile ile.

Sasa hesabu. Fundi asema, nitajenga Camel robo ya ile kubwa. Futi 28 zagawanywa kwa 4, mabawa yawe futi 7, marefu kupita mtu. Na uzito je? Wengi hujibu upesi: robo vilevile. Sivyo. Urefu umekuwa robo, upana robo, na kimo robo. Basi 4 mara 4 mara 4, ni 64. Asiyesadiki atengeneze visanduku vya udongo, aone ni vingapi vitaingia katika sanduku lenye mara nne kila upande. Camel kubwa pamoja na rubani na petroli yake ilikuwa na uzito wa ratili 1,450 hivi. Igawanye kwa 64, utapata ratili 22 na zaidi kidogo. Lakini eneo la mabawa limegawanyika kwa 16 tu, maana bawa hupimwa urefu na upana, basi. Kwa hiyo kila futi ya bawa dogo hubeba robo ya mzigo wa bawa kubwa, nayo eropleni ndogo yaweza kubaki hewani kwa nusu ya mwendo wa mama yake.

Mpaka hapa mambo ni mazuri. Taabu iko katika mizani. Kila eropleni ina mahali pake pa kutulia, ukiiinua hapo kwa vidole viwili chini ya bawa isiangukie mbele wala nyuma. Katika Camel ya kweli pua ilikuwa fupi sana, lakini injini yake ya ratili zaidi ya 300 ilitosha kuushinda mkia. Injini ya leo ya kuitia katika ile ndogo ni nyepesi mno, na pua ni fupi vilevile. Ni kama mtu aliyebeba mti begani, mbele ameacha kipande kifupi na nyuma kirefu. Gramu moja ikizidi mkiani, huenda zikatakiwa tatu puani ili kuirudisha sawa. Basi mafundi hutia risasi mbele, ile madini ya kuyeyusha, si ya bunduki, na kila kipande cha risasi ni mzigo ambao bawa litaubeba bure.

Ndiyo sababu fundi mwenye akili huanzia mkiani. Mti wake ni balsa, ambao mwingi hutoka Ekwado, mwepesi hata ukishika ubao wake wadhani umeshika mkate mkavu. Kila kijiti hukipima kwanza. Kizito hupelekwa mbele, chepesi hubaki nyuma. Hata rangi ya mkia huipaka kidogo. Asiyefanya hivyo ataona siku ya kwanza: eropleni inaacha ardhi, pua inainuka, yeye anaishusha, inainuka tena, halafu inasimama hewani na kuanguka. Kazi ya mwaka imekuwa kuni.

Mambo ya redio nayaeleza kwa ufupi. Fundi hushika kisanduku chenye vijiti viwili. Mawimbi huenda hewani, na ndani ya eropleni vijimota vidogo viitwavyo sevo huvuta usukani wa mkiani na vibawa. Zamani watu wawili wakitumia wimbi moja, mmoja aliiangusha eropleni ya mwenziwe bila kujua. Mitambo ya siku hizi hujitafutia nafasi yenyewe. Kilichobaki kigumu ni hiki: eropleni ikija kukuelekea, kulia kwako ni kushoto kwake.

Wako Wakristo wanaouliza kama ni halali kupoteza mwaka mzima kwa chombo cha kuulia watu. Mimi naona inategemea moyo wa fundi. Mjerumani Manfred von Richthofen, rubani aliyeogopwa kuliko wote, alipouawa tarehe 21 Aprili 1918 huku akipigana na eropleni za Camel, adui zake Waaustralia walimzika kwa heshima huko Bertangles, Ufaransa. Na mafundi wengi hawa huandika ubavuni namba ya Camel fulani iliyokuwako kweli, kisha wakatafuta jina la kijana aliyeiendesha na habari za mwisho wake.

Ikisharuka, imebaki kushuka. Magurudumu ya Camel yamekaribiana na hayana breki, na pua ni ile ile fupi, basi jani refu kidogo latosha kuipindua ikala udongo. Kwa hiyo ukitazama katika sanduku la fundi aendaye uwanjani mara ya kwanza, utakuta rafadha moja ya kufungia, na nyingine mbili au tatu za akiba.