Kidung'ata Asiyehitaji Dume

Muhogo wa Newala hupandwa kwa pingili. Unakata shina, unalichomeka mchangani, na mmea unaoota ni uleule uliokatwa. Hilo kila mkulima analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba yuko mdudu wa muhogo ambaye naye huzaliana bila jike na dume kukutana.

Huyo ni kidung'ata wa muhogo, mwenye mwili wa waridi uliofunikwa ungaunga mweupe. Hujazana kwenye ncha za mashina na kufyonza utomvu mpaka majani machanga yakajikunja kama ngumi. Ni majike watupu. Mayai ya mmoja, ambayo huweza kufika mamia kadhaa, hukua bila mbegu ya kiume, na wanaototolewa ni majike wengine, nakala za mama yao. Kwa hiyo mmoja tu aliyejificha kwenye mzigo wa pingili kutoka Masasi anatosha kuanzisha ukoo mahali papya.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Alionekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kabla miaka ya 1980 haijaisha alikuwa ameshaingia Tanzania. Watafiti waliokwenda kumtafutia adui kwao walikutana kwanza na ndugu yake anayefanana naye sana, ila huyo ana madume. Nyigu waliopatikana kwake hawakusaidia kitu. Mwaka 1981 kidung'ata mwenyewe alipatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana aitwaye Anagyrus lopezi, ambaye mwaka huohuo alianza kuachiliwa Nigeria. Hans Herren wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidung'ata, na buu humla kwa ndani mpaka libaki ganda gumu. Uzazi wake ndio unaonivutia zaidi. Jike ambaye hajapandwa huzaa pia, lakini yai lisilorutubishwa hutoa dume tu, kama ilivyo kwa nyuki. Aliyepandwa huchagua: kidung'ata mkubwa humpa zaidi mayai ya majike, mdogo humpa ya madume. Na madume hawatagi, hivyo wakishakomaa hawaui kidung'ata mwingine.

Sasa tazama udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde wakati wa kiangazi. Muhogo uliokosa rutuba na maji hulea vidung'ata wadogo, nao hutoa nyigu madume kupita kiasi. Ulinzi hulegea msimu uleule wadudu wanapoongezeka. Tafiti za Afrika Magharibi zilionyesha kuwa matandazo na samadi hugeuza mambo: mmea ukishiba, vidung'ata hunenepa, na nyigu majike huongezeka. Dawa ya kunyunyizia ningeiweka mbali, kwa kuwa kidung'ata amejikinga kwa nta yake, ilhali nyigu hana kinga. Na pingili zikaguliwe kwenye macho yake kabla hazijapakiwa.