Afya: Dawa ya wadudu ikimshika mkulima, dakika za kwanza ndizo zinaokoa

Jasho linamtoka kama aliyemwagiwa maji. Mate na machozi hayakauki, anatapika, anaharisha, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Mkulima anayeanguka hivyo akitoka kunyunyiza dawa kwenye nyanya au kabichi hajarogwa. Dalili hizo zikija pamoja, kitu cha kwanza cha kufikiria ni dawa za wadudu za aina ya oganofosfati, kama dichlorvos au dimethoate.

Mishipa ya fahamu inapoamuru moyo, msuli au tezi ya mate, hutuma kemikali inayoitwa asetilikolini. Otto Loewi alionyesha jambo hilo mwaka 1921 kwa kutumia mioyo ya vyura, na mwaka 1936 akapata Tuzo la Nobel pamoja na Muingereza Henry Dale. Amri ikishafika, mwili una mfagiaji wake, kolinesterasi, anayeivunja kemikali hiyo mara moja.

Oganofosfati inamfunga mfagiaji huyo mikono. Amri inabaki ikipigwa bila kukoma: mapafu yanajaa majimaji, moyo unapunguza mwendo, misuli inatetemeka kisha inalegea, hata ile ya kupumua. Hapo ndipo mtu anakufa. Mdudu shambani naye anauawa kwa njia hiyo hiyo.

Sumu iliyogeuka dawa

Afrika ilijua nguvu hiyo tangu zamani. Huko Calabar, kusini-mashariki mwa Nigeria, Waefik walimnywesha mtu aliyeshitakiwa uchawi maji ya haragi linaloitwa esere. Aliyetapika na kupona aliachiliwa, aliyekufa alihesabiwa kuwa mchawi. Mwaka 1855, daktari Robert Christison wa Edinburgh alikula kipande cha haragi hilo ili aone linafanya nini mwilini. Aliugua vibaya, lakini alipona.

Ndani ya haragi hilo kulipatikana fizostigmini. Nayo inamfunga mfagiaji, ila kwa saa chache tu, kisha inamwachia. Kwa hiyo kwa kipimo kidogo inatibu. Mwaka 1877, Ludwig Laqueur aliitumia kupunguza mgandamizo ndani ya macho ya wagonjwa wa glakoma. Mwaka 1934 huko London, Mary Walker alimdunga mgonjwa mwenye miasthenia, ugonjwa unaolegeza misuli, na nguvu zikamrudia kwa muda. Leo ndugu yake, neostigmini, iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani (OMS). Hutumiwa mwisho wa upasuaji ili misuli iliyolegezwa kwa dawa iamke tena.

Oganofosfati haina huruma hiyo. Kadiri saa zinavyopita, kifungo chake kinakuwa cha kudumu.

Atropini, na mipaka yake

Dawa ya kwanza hospitalini ni atropini. Inaziba milango ambayo asetilikolini inapitia kwenye tezi, mapafu na moyo. Daktari anaongeza kipimo hadi mapafu yakauke na moyo urudi kwenye mwendo mzuri. Lakini atropini haimfungui mfagiaji, wala hairudishi nguvu ya misuli. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuhitaji oksijeni, na mara nyingine mashine ya kupumulia. Pralidoksimu inaweza kumfungua mfagiaji, kama imetolewa mapema.

Nyumbani mfanye nini?

Mtoeni mgonjwa shambani, mvueni nguo zote zilizolowa dawa, mwosheni ngozi na nywele kwa maji mengi na sabuni. Anayemsaidia avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu sumu hii inapita kwenye ngozi. Akiwa amezimia, mlazeni ubavu. Msimtapishe. Maziwa na mafuta ya mawese hayaondoi sumu hii, na yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, pamoja na chupa au karatasi ya dawa ile, ili muuguzi asome jina lake.

Na dawa ya wadudu isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji au ya juisi. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, anaona kinywaji tu.