Mchungaji mpya aanze kwa kuulizwa

Msimu wa uhamisho ukifika, usharika wa Kilutheri unajua la kufanya. Kwaya inajifunza wimbo wa mapokezi, vijana wanang'arisha matarumbeta, akina mama wanakubaliana kitenge cha sare, wazee wa kanisa wanasimamia upakaji rangi wa nyumba ya mchungaji. Siku ya kuingizwa kazini, mchungaji anasimamishwa mbele ya madhabahu na kuulizwa kama yuko tayari kuihubiri Injili na kulitunza kundi. Anajibu watu wote wakisikia, anaombewa, kisha pilau inapakuliwa.

Kwa hiyo kazi yake mahali pale inaanza kwa yeye kuulizwa. Natamani desturi hiyo isiishie siku ya mapokezi. Mchungaji anayehamia usharika mpya ana miezi michache ambayo washarika bado wanampima: ni mkali au msikivu? Anatunza siri? Swali gumu la kwanza akilipokea kwa uso mkavu, la pili hataletewa.

Yasiyomo daftarini

Makabidhiano ya ofisi hufanyika mezani: daftari la ubatizo, la ndoa, kitabu cha fedha, muhuri, funguo. Mwenye macho atasoma mengi humo. Anaweza kukuta jina la binti aliyetengwa na Meza ya Bwana kwa kupata mimba kabla ya ndoa, na asione popote jina la mwanamume. Daftari litamwambia nani bado hajarudi kundini. Halitamwambia binti huyo anajiuliza nini kila neema inapohubiriwa, naye amekaa benchi la nyuma na mtoto mapajani.

Maswali ya aina hiyo yamejaa kila usharika. Mama aliyezika kichanga kabla hakijabatizwa anataka kujua mwanawe yuko wapi. Kijana aliyerudi kutoka chuo kikuu amesoma mabadiliko ya viumbe, na sasa hajui aisome vipi sura ya kwanza ya Mwanzo. Mkristo wa Uchagani aliyekuja nyumbani Desemba anaitwa na ukoo kuchinja kihambani, na haoni vizuri heshima kwa wazee inaishia wapi na tambiko linaanzia wapi. Mwingine ameuguza mumewe muda mrefu, ameomba na kufunga, mume amekufa, na jirani anamwambia imani yake ilikuwa ndogo. Yuko pia anayetaka kujua tu fedha ya bahasha yake ya ahadi inafanya kazi gani.

Watu hawa hawanyamazi kwa sababu hawana la kusema. Wananyamaza kwa sababu tumewalea waamini kwamba kumuuliza Baba Mchungaji ni kumkosea adabu, na kumuuliza Mungu ni dhambi kabisa.

Maswali ya upande mmoja

Hali hii inashangaza zaidi katika kanisa lililozaliwa na Matengenezo. Mwaka 1528 Martin Luther na wenzake walizunguka kukagua makanisa ya Saxony, wakakuta Wakristo wengi hawajui hata mambo ya msingi ya imani, na baadhi ya wachungaji wao wakiwa hoi vilevile. Mwaka uliofuata, 1529, Luther akatoa Katekisimu Ndogo. Aliipanga kwa maswali na majibu ili baba aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake.

Watoto wetu wa kipaimara bado wanaisoma, na wanaulizwa mbele ya usharika mzima huku wazazi wakiwaombea wasisahau. Lakini swali linatoka kwa mwalimu kwenda kwa mtoto, na jibu linajulikana kabla halijatolewa. Mtoto akisha kuvaa nguo nyeupe na kupokea cheti, hapewi tena nafasi ya kuuliza lake. Wengi hatuwaoni tena mpaka siku ya ndoa.

Maandiko yana mfano bora. Nikodemo, mtu mwenye cheo, alimwendea Yesu usiku. Aliuliza, hakuelewa, akauliza tena, wala hakufukuzwa. Baadaye ndiye aliyeleta manemane kwa ajili ya maziko ya Yesu, wakati wanafunzi wengi wametawanyika. Watu wa Beroya nao walisikiliza mahubiri ya Paulo, kisha wakayapekua Maandiko kila siku kuona kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Kitabu cha Matendo kinawasifu kwa hilo.

Gharama ya ukimya

Asiyeweza kumuuliza mchungaji wake atatafuta jibu kwingine, na kwingine kuna hatari. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa mjini Moshi kwa kukanyagana wakikimbilia mafuta ya upako. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ya watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa kungewakutanisha na Yesu. Huenda baadhi yao waliwahi kukaa ndani ya makanisa kama yetu na kuimba nyimbo kama zetu. Muumini aliyezoea kuuliza "imeandikwa wapi?" si rahisi kuongozwa namna hiyo.

Kwa hiyo mchungaji mpya asingoje azoeleke kwanza. Atenge nusu saa baada ya ibada, mnada wa mazao ukimalizika, wanaotaka wabaki naye. Akitembelea jumuiya za nyumba kwa nyumba, asilete somo pekee; aulize watu wanabeba nini moyoni. Aweke sanduku mlangoni kwa wasiotaka kuonekana, na akubali kwamba wengine watakuja nyumbani kwake usiku, kama Nikodemo.

Kuna sharti moja lisilo na mjadala: swali la faragha lisigeuke mfano wa mahubiri Jumapili inayofuata. Hata jina lisipotajwa, usharika unamjua aliyeuliza. Hapo mlango umefungwa, na hautafunguka mpaka mchungaji mwingine aje.

Asiogope pia kusema hajui. Mama aliyezika kichanga akiambiwa, "Mama, hili sina jibu lake lote, lakini namjua Yesu aliyewapokea watoto, tukae tuyasome Maandiko pamoja," amehudumiwa kuliko akitupiwa kanuni ya kanisa na kuagwa.

Wazee wa kanisa nao wana sehemu yao. Wengi hujiona walinzi wa mchungaji, na kijana akinyoosha mkono wanamkata jicho. Mchungaji anayelindwa dhidi ya kondoo wake atawachunga kwa kubahatisha.

Baada ya miaka kadhaa barua ya uhamisho itakuja tena, na huyu naye ataondoka. Jengo alilosimamia litahesabiwa, na linastahili. Lakini kazi yake ipimwe zaidi kwa jambo hili: je, ameacha washarika wanaoweza kuifungua Biblia wenyewe, wakapima mahubiri ya ajaye, wakamuuliza bila hofu? Usharika wa namna hiyo hautayumba mchungaji akibadilika, na nabii wa mafuta akipita hautamfuata.