AMEPONA, LAKINI SI YULE TULIYEMZOEA

Mama mmoja alitujia na swali zito. Mwanawe, mwendesha bodaboda, aligongwa na lori, akalazwa majuma matano, akarudi nyumbani akitembea kwa miguu yake. Majirani walipiga vigelegele. Sasa ni mwaka wa pili. Anafoka kwa jambo dogo, anasahau kama amekula, analala mchana kutwa, na mkewe amekwisha kufunga mizigo mara mbili. Wa ukoo wanasema amerogwa. Je, ni kweli?

Hakurogwa. Ubongo wake uliumia. Ubongo ni laini mno, nao umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kinapogonga lami, fuvu husimama ghafla lakini ubongo huendelea kwenda, ukajigonga kwenye mfupa, hasa nyuma ya paji la uso na pande za masikio. Nyuzi nyembamba zinazopeleka habari huvutika na kukatika. Kovu la ngozi huonekana. Jeraha hili halionekani, na hata picha ya hospitali yaweza isionyeshe kitu. Ndiyo maana mgonjwa huitwa mvivu au mkorofi.

Sehemu ya mbele ya ubongo ni kama breki. Ikiharibika, mtu husema neno kabla ya kulipima, hucheka msibani, au humaliza fedha zote siku moja. Mwingine hukaa tu kitini mpaka aambiwe, "Haya, oga." Si kiburi. Wako pia wanaosimulia vizuri mambo ya utotoni lakini hawajui asubuhi walikwenda wapi. Wengine hupoteza uwezo wa kunusa. Hao wasiachwe peke yao na jiko la gesi, wala wasile kiporo kabla mwingine hajakinusa.

Nyumbani yafaa kila kitu kiwe na mahali pake, na siku ziwe na utaratibu ule ule. Mwambieni jambo moja kwa wakati mmoja, redio ikiwa imezimwa. Mpeni daftari la kuandika, na apumzike kidogo mchana. Akipandwa na hasira msishindane naye. Ondokeni kidogo, rudini ametulia. Lakini msimfanyie kila kitu: kufua na kufagia ni mazoezi pia.

Pombe aiache kabisa, kwani ubongo uliojeruhiwa hauihimili, nayo huchochea kifafa. Kifafa chaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya ajali. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Kikizidi dakika 5, au kikirudi kabla hajapata fahamu, mpelekeni hospitali. Dawa alizopewa zisikatishwe ghafla. Kaka yake yule kijana alikuwa tayari amemtafutia pikipiki nyingine "ili achangamke". Tulimsihi aiache mpaka daktari aseme, hata kama ndiyo iliyokuwa ikileta unga nyumbani.

Jambo moja lisingoje. Kichwa kikizidi kuuma majuma kadhaa baada ya ajali, akatapika, akasinzia kupita kawaida, au mkono na mguu wa upande mmoja ukalegea, huenda damu inavuja polepole ndani ya fuvu. Mwahisheni hospitali iliyo karibu, naye akihitaji upasuaji atapewa rufaa. Taasisi ya MOI iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na mifupa hutibu ubongo pia.

Na kofia ngumu? Uchunguzi wa nchi nyingi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba hupunguza majeraha ya kichwa kwa asilimia 69 hivi, na vifo kwa asilimia 42. Ile inayoning'inia kwenye usukani haimkingi mtu.

Mama alituomba tuyaeleze haya kwa mkwewe pia. Alisikiliza hadi mwisho, mtoto mgongoni, kisha akauliza: "Atarudi lini kuwa yule wa zamani?" Tulimjibu ukweli. Nafuu kubwa aghalabu huja katika miezi 6 ya kwanza, kisha huendelea polepole kwa mwaka wa pili na zaidi. Pengine hatarudi wote. Alinyamaza kitambo. Tukapatana na wanawake wa jumuiya yake wampokee zamu kila Jumamosi, ili aende sokoni na apate kulala. Tulipoondoka, mizigo ilikuwa bado mlangoni, ila mkeka wa mtoto ulikuwa umekwisha kutolewa.