Farasi 152 za Japani zinabaki ngapi Goma? Namna ya kusoma karatasi ya gari kabla ya kulipa

Kwa familia nyingi za Kivu na Ituri, gari la okazioni kutoka Japani ndiyo mali ya bei kubwa zaidi watakayonunua baada ya parseli na nyumba. Linalipwa kwa akiba ya miaka, kwa pesa ya likelemba, wakati mwingine kwa deni. Lakini mbele ya muuzaji maswali huwa mawili tu: ni la mwaka gani, na bei ya mwisho ni ngapi? Karatasi inayoonyesha nguvu, uzito na matumizi ya esansi haisomwi, ama inasomwa vibaya.

Chukua RAV4 ya kizazi cha pili, ile iliyotoka kiwandani kati ya 2000 na 2005. Katika toleo la Japani lenye injini 1AZ-FSE ya lita mbili, karatasi inasema farasi 152 kwa mizunguko 6000 kwa dakika. Land Cruiser HZJ78, yenye injini ya mazutu 1HZ ya lita 4,2, inaandikiwa farasi 131 hivi kwa mizunguko 3800. Mtu akilinganisha 152 na 131, atasema RAV4 ina nguvu zaidi. Na kwenye lami, ikiwa tupu, kweli itaiacha Land Cruiser nyuma, kwa sababu uzito wake ni kilo 1300 hivi, wakati mwenzake anapita tani mbili.

Shida iko kwenye namba ya pili, ile ya mizunguko. Farasi 152 zinapatikana pale tu injini inapolia kwa mizunguko 6000. Nani anaendesha hivyo katika matope ya Lubero? Dereva wa kawaida anabaki kati ya 2000 na 3000. Hapo inafaa kuangalia kile ambacho mafundi wanaita kuple, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha. Inapimwa kwa Nm, ama kwa kgm kwenye karatasi za Kijapani za zamani. Kgm 1 ni karibu Nm 9,8. RAV4 hiyo inafikisha Nm 200 kwa mizunguko 4000. Land Cruiser inafikisha Nm 285 kwa mizunguko 2200 tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zidisha Nm kwa mizunguko, gawa kwa 9549, utapata kilowati. Na kilowati moja ni farasi 1,36. Kwa mizunguko 2200, Land Cruiser inatoa farasi 89 hivi. RAV4, hata ingekuwa na kuple yake yote hapo, haiwezi kupita 63. Tena Land Cruiser ina mkono wa pili wa vitesi fupi, unaozidisha kuple zaidi ya mara mbili kabla haijafika kwenye magurudumu. RAV4 haina.

Kuna jambo ambalo karatasi hailisemi kabisa: urefu wa milima yetu. Nguvu ya injini inahesabiwa kwa hewa nzito, kama ile ya karibu na bahari. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1500 hivi. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Farasi 152 zinabaki 129 hivi. Hata 1HZ haiponi, maana nayo haina turbo: 131 zinabaki 111. Gari lenye turbo linapoteza kidogo zaidi, kwa kuwa turbo inaishindilia hewa kabla ya kuingia kwenye silinda.

Sasa pakia RAV4 watu watano na magunia, jumla kilo 500. Kwenye karatasi, kila tani ilikuwa na farasi 117. Huku kwetu, ikiwa imepakiwa hivyo, inabaki na 72. Hilo ndilo gari linalopanda Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Nyangezi.

Na kwa anayefanya biashara ya kusafirisha, uzito unaoruhusiwa ni muhimu kuliko farasi zote. Probox ya kwanza ya mizigo iliandikiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Breki na resori zilihesabiwa kwa uzito huo. Kupanda Ngomo polepole ni usumbufu tu. Kushuka na breki zilizochemka ni kitu kingine.

Wengine wanapotea kwenye CV za kadi ya waridi. CV hizo ni za serikali, zinatumika kuhesabu vinyeti. Gari la CV 10 halina farasi 10.

Upande wa matumizi, Wajapani wanaandika kilomita kwa lita, sisi tumezoea lita kwa kilomita 100. Gawa 100 kwa namba yao: 14 km/l ni lita 7,1. Lakini uliza kwanza ilipimwa kwa njia gani. Ile ya zamani, inayoitwa 10-15, ilifanyika juu ya rola, injini ikiwa tayari ya moto, kwa dakika 11, bila kupita 70 km/h. Hakuna mlima, hakuna shimo. JC08 iliyofuata ni kali kidogo, na WLTC ya leo ni kali zaidi, kwa hiyo 15 ya 10-15 si sawa na 15 ya WLTC. Tena wenye kupima si malaika: mwaka 2016, Mitsubishi ilikiri kwamba vipimo vya matumizi vya magari madogo 625 000 vilichezewa.

Kabla ya kulipa, fungua kapo. Kwenye Toyota kuna kibao cha chuma kinachoonyesha aina ya gari na jina la injini. Kisome herufi kwa herufi, maana 1AZ-FE na 1AZ-FSE hazifanani. Ya pili inarusha esansi moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na pampu yake haivumilii uchafu. Mwenye kununua esansi ya chupa kwa Kadhafi wa pembeni ya barabara, afadhali atafute ile isiyo na S.