Kukoma, Kuvuliwa na Kuunga Juhudi: Msamiati wa Mabadiliko ya Ubunge katika Bunge la 11 la Tanzania (2015–2020)

Idadi ya viti vilivyobaki wazi haitoshi kueleza namna Bunge la 11 la Tanzania lilivyobadilika. Ibara ya 71 ya Katiba inatumia kitenzi kimoja, kukoma, kwa mbunge aliyepoteza uanachama wa chama kilichomdhamini na kwa yule aliyekosa mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika. Kitenzi hicho hakimtaji mtenda mwingine: mbunge hukoma, hakomeshwi.

Ombwe hilo lilizibwa na wanasiasa. Maulid Mtulia wa Kinondoni (CUF) na Godwin Mollel wa Siha (CHADEMA) waliacha viti vyao Desemba 2017, naye Mwita Waitara wa Ukonga (CHADEMA) akafuata Julai 2018. Wote walirejea bungeni mwaka 2018 kwa tiketi ya CCM. Kirai kilichotawala uhamaji huo kilikuwa kuunga mkono juhudi za Rais Magufuli. Tazama kazi ya kisemantiki inayofanyika hapa: chama kinatoweka katika sentensi, na kuhama kunageuka tendo la uzalendo. Mitaani kirai kilifupishwa kuwa kuunga juhudi, na kejeli haikukawia kukiandama. Lazaro Nyalandu, aliyetoka CCM kuelekea CHADEMA Oktoba 2017, hakuhesabiwa kuwa ameunga juhudi yoyote.

Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kwamba jimbo la Singida Mashariki liko wazi. Tundu Lissu alikuwa ng'ambo kwa matibabu tangu aliposhambuliwa kwa risasi Septemba 2017. Wafuasi wake walisema amevuliwa ubunge. Kauli ya kutendwa ilimdai mtenda ambaye kitenzi cha Katiba kinamficha.

Viti maalumu vinastahili uangalifu zaidi. Julai 2017, wabunge wanane wanawake wa CUF walipoteza viti baada ya kufukuzwa na upande wa Profesa Ibrahim Lipumba, katika mgogoro wake na Maalim Seif Sharif Hamad. Kwa viti hivyo hakuna uchaguzi mdogo; nafasi hujazwa kutoka orodha ya chama, na mpiga kura haulizwi neno. Kumwandika mbunge wa namna hiyo katika safu moja na Mtulia, chini ya neno kukoma, ni kupotosha takwimu. Kumbukumbu za Bunge zionyeshe kifungu kilichotumika, na nani aliyempelekea Spika taarifa.